Vipepeo wanapita tu, hawakai: nipande nini kwenye uwanja mdogo Kigamboni?

UwanjaKigamboni

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa watu wanaojua bustani za vipepeo, si za picha tu.

Uwanja uko nyuma ya nyumba, kama mita 8 kwa 12, Kigamboni. Udongo ni mchanga. Ukimwagilia asubuhi, mchana umekauka. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Jua linaingia saa 3 asubuhi na kuondoka saa 10 jioni, na ukuta wa upande wa kusini unakinga upepo. Kwa sasa kuna bogenvilia tatu, iksora nyekundu zilizokatwa kama boksi, mawaridi mawili, ukoka unaofyekwa kila wiki, mpapai, na mlimau wa miaka minne. Mlimau unapigwa dawa kila baada ya wiki mbili kwa sababu ya viwavi wa kahawia na nyeupe wanaofanana na mavi ya ndege.

Vipepeo wanavuka ukuta, wanazunguka dakika moja, wanaenda zao. Nipande maua gani ili wakae? Maji yawekwe au ni kuzalisha mbu tu? Kuna watoto wa miaka mitatu na mitano, kwa hiyo mimea yenye sumu siitaki. Na mwenye kujua namna ya kuvutia ndege chozi, vinyonga na viumbe wengine, amwage ujuzi.

---

KitaluPwani

Mkuu, hao viwavi unaowapiga dawa ndio vipepeo wenyewe.

Hao "mavi ya ndege" kwenye mlimau ni watoto wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, asiyeacha kupiga mabawa hata akiwa anakunywa kwenye ua. Jike hutaga yai mojamoja, dogo, la mviringo, kwenye majani machanga ya mlimau, mndimu au mchungwa. Kiwavi mdogo ana sura ya kinyesi ili ndege wasimguse. Akishajivua ngozi mara ya nne anageuka kijani chenye mikanda ya kahawia na kufikia urefu wa sentimita nne na ushee. Ukimchokoza anachomoza pembe laini mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zinanuka vibaya. Mtoto akimgusa hadhuriki, atanuka vidole tu. Kwa joto la Dar yai huchukua siku nne hadi sita, kiwavi wiki tatu hivi, pupa (hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo) wiki mbili. Sasa piga hesabu: dawa kila baada ya wiki mbili, nani atafika mwisho?

Maua humleta kipepeo anywe kidogo aondoke. Majani ya kutagia ndiyo yanayomrudisha. Kila aina ina mimea yake michache ambayo kiwavi wake anaweza kuila, na jike huionja kwa miguu kabla ya kutaga. Asipoikuta, hata uwe na maua elfu, ataondoka. Kwa hiyo anza na majani, maua yafuate.

Mlimau: acha dawa kabisa. Mti wa miaka minne wenye afya utalisha viwavi kumi na zaidi bila wewe kuona tofauti kwenye matunda. Wanaoumia ni miche ya chini ya mita moja, maana kiwavi wa hatua ya mwisho ni mlafi. Ukitaka kuulinda mlimau, otesha miche ya ndimu kwa ajili yao. Chukua mbegu mbichi siku hiyohiyo ndimu inapokamuliwa, zioshe utelezi, zifukie sentimita moja kwenye kopo lenye udongo na samadi, kivulini. Zikikauka hazioti vizuri, ndiyo maana wengi hulalamika. Zitachipua ndani ya wiki mbili hadi nne. Otesha ishirini, ni bure. Zikifika nusu mita, hamishia viwavi huko kwa kukata jani walilokalia. Usimng'oe kiwavi kwa vidole, hasa anapokuwa ametulia bila kula, kwani huenda anajivua ngozi.

Stafeli au topetope: majani yake yanaliwa na viwavi wa Graphium, wale vipepeo wenye mabaka ya kijani au meupe, wanaoruka kwa kasi. Mstafeli hukubali kukatwa ukabaki mita mbili, na kila unapokata unapata machipukizi, ambayo ndiyo jike anayatafuta.

Mjohoro: kwa yule wa njano-nyeupe anayepita makundi kwa makundi, Catopsilia florella. Usiuache uwe mti, utakumeza uwanja. Ukifika mita moja na nusu ukate, utachipua kichaka. Mwingajini nao unamfaa, lakini mbegu zake ni sumu, na wewe una watoto, kwa hiyo uruke.

Pesheni: upandishe kwenye ukuta. Baadhi ya Acraea, wale wekundu-machungwa wenye mabawa membamba wanaoruka polepole, hutaga hapo kwa makundi. Utaona jani moja limejaa viwavi wenye miiba. Hiyo miiba haichomi kama ya viwavi wengine wenye manyoya, ila wafundishe watoto wasishike kiwavi yeyote mwenye nywele, watoto hawatofautishi.

Na magugu. Kuna Asystasia gangetica, mmea unaotambaa chini ya kila ukuta Dar, maua madogo meupe yenye doa la zambarau mdomoni. Unang'olewa kila Jumamosi na ndio chakula cha Junonia oenone, yule mweusi mwenye duara la buluu kwenye bawa la nyuma. Uachie mita moja ya mraba. Tako la hasani pia (Portulaca oleracea), hilo ni la Hypolimnas misippus. Haya mawili hayakugharimu hata shilingi, kazi yako ni kumwambia kijana wa bustani aache.

Ukoka: usifyeke wote. Mita moja pembeni ya ukuta iache ifike sentimita 25 hivi, ifyeke mara moja kwa miezi miwili, nusu kwa nusu. Vipepeo wa kahawia wa kivulini, Bicyclus na Melanitis, viwavi wao wanakula nyasi. Kama hofu ni nyoka, weka ukanda huo mbali na mlango na usirundike matofali wala mbao karibu nao. Nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha.

---

MbeziKwaMimea

Naunga mkono, ila niongeze upande wa maua, kwa sababu ulivyopanda ni nusu sahihi.

Bogenvilia: rangi unayoiona si petali, ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kale kamrija cheupe katikati na mbochi wake (maji matamu ya ua) ni haba. Iache kwa uzuri, lakini usitegemee kitu. Mawaridi ya dukani yana petali zilizojazana hadi mdudu hafiki ndani. Iksora ndiyo ina thamani, mirija yake mirefu inawafaa hawa Papilio, lakini umeikata boksi. Inatoa maua kwenye ncha za matawi. Ukipiga mkasi kila wiki mbili unakata machipukizi ya maua. Acha ikue huru, punguza mara moja tu baada ya maua kukauka.

Mpya wa kupanda ni penta. Ni ya Afrika Mashariki kwa asili; ile nyekundu, Pentas bussei, inaota yenyewe kwenye vichaka vya pwani. Panda saba hadi tisa za rangi moja mahali pamoja, nafasi ya sentimita 40. Mche mmoja huku, mwingine kule, kipepeo akiwa juu ya ukuta hauoni. Kata vichwa vilivyokauka kwenye jozi ya majani iliyo chini yake. Ikishazeeka na kuwa mti mtupu chini, kata vipande vya sentimita 10 visivyo na maua, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Huota mizizi kwa urahisi.

Zinia za petali moja-moja, si zile za mpira. Mbegu kina cha sentimita moja, nafasi 25 hadi 30, na ndani ya wiki nane unaona maua. Usisie kuelekea masika. Mvua ya Aprili ikipiga majani kila siku, madoa ya ukungu yanaanza chini kwenda juu hadi mmea unanyauka, na baridi ya kipupwe ikiingia ubwiriunga (ukungu mweupe kama unga) unafuata. Sia Septemba ziwahi vuli, au mwishoni mwa Mei ukiwa na nafasi yenye upepo kati ya mimea.

Stachytarpheta, lile gugu la maua ya buluu kwenye fimbo ndefu, kwa mbochi halina mpinzani, ila maua hufunguka asubuhi na kupukutika mchana. Na Tridax kwenye ukoka wako, kile kiua cheupe chenye kitovu cha njano: usikiue. Vile vipepeo vidogo vya buluu vya ukubwa wa ukucha vinaishi juu yake.

Lantana watakushauri wengi. Mimi nasema hapana. Ni mmea vamizi, ndege wanasambaza mbegu hadi misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ambako inafunika miche ya asili, na matunda yake mabichi ni sumu. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, penta inafanya kazi ileile bila kesi.

Udongo wako: chimba shimo sentimita 40 kila upande, changanya mchanga uliochimbuliwa debe mbili, samadi iliyooza vizuri debe moja, vumbi la makumbi ya nazi debe moja. Vumbi la makumbi lina chumvi, lisuuze kwa maji mengi mara mbili kabla ya kulitumia. Juu funika kwa majani makavu sentimita tano, usiguse shina. Maji ya kisima mwagia chini kwenye mizizi, usinyunyize majani. Ncha za majani ya mlimau zikianza kuungua kahawia, ni chumvi. Mvua ikinyesha inasuuza, na kwenye kiangazi cha Januari na Februari ni bora maji machache ya bomba au ya paa kuliko mengi ya kisima.

La mwisho, na hapa ndipo watu wanapotezewa miezi: miche ya vitalu vya barabarani mara nyingi imepewa dawa ile inayoingia ndani ya mmea na kukaa wiki nyingi. Unanunua mndimu mzuri unaong'aa, jike anataga, viwavi wanakufa wakiwa wadogo na hujui kwa nini. Muulize muuzaji alipiga nini na lini. Asipojua, kata majani yote ya zamani, uuweke miezi miwili mitatu utoe majani mapya kabla ya kuutegemea, au otesha mwenyewe.

---

UwanjaKigamboni

Asanteni sana, nimeelewa zaidi nilivyotarajia. Dawa imesimama kuanzia leo. Nina maswali ya ziada. Kwenye mlimau kuna sisimizi wa majimoto wengi, wameshona majani matawi ya juu: wanadhuru viwavi? Na je, nikichukua viwavi nikawafuga kwenye wavu watoto waone hadi mwisho, inawezekana bila kuwaua? Tatu, kwenye mitandao wanasisitiza mimea ya utomvu mweupe kwa ajili ya vipepeo wa Danaus. Hiyo si sumu?

---

KitaluPwani

Majimoto wanakula viwavi, mayai, na wewe pia ukisimama chini ya mti. Lakini usiwaue. Kwenye mikorosho na minazi ya pwani wanajulikana kwa kulinda matunda dhidi ya wadudu wanaofyonza, na kwenye mlimau wako wanafanya kazi hiyohiyo. Waachie mlimau, ile miche ya ndimu ya kopo iweke upande wa pili, mita tatu au zaidi, isiguse tawi, ukuta wala kamba inayofika kwao. Weka kopo juu ya matofali ndani ya beseni lenye maji ya sabuni, au paka ukanda wa grisi kwenye miguu ya meza. Grisi ikijaa vumbi wanapita juu yake, kwa hiyo ipake upya kila wiki. Angalia pia vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea: ukiona sisimizi wengi kwenye machipukizi, wanafuata utamu wao. Vifute kwa pamba yenye maji ya sabuni kisha suuza. Mafuta ya mwarobaini usiyatumie kwenye mimea hii, yanaua viwavi vilevile, ingawa watu huyaita ya asili.

Kufuga: inawezekana, na kwa watoto ni darasa zuri. Wanavijiji wa Amani kule Muheza na wa Pete karibu na Jozani, Zanzibar, wamefanya hivyo kwa biashara, ndani ya vizimba vya wavu. Kwako kikapu cha nguo cha wavu, sentimita 40 kwa 40 kwa 60, kinatosha. Viwavi wanne au watano, si zaidi. Kiweke barazani penye hewa, pasipopigwa na jua. Ndani ya kikapu penye jua la saa 7 wanachemka.

Kata tawi la mlimau, lichomeke kwenye chupa ya maji, kisha ziba mdomo wa chupa kwa pamba. Pamba hiyo ndiyo watu wanasahau. Kiwavi hutembea chini ya tawi, anaingia kwenye maji na kuzama. Badilisha tawi kila siku na umwage kinyesi, kinyesi chenye unyevu huzaa ukungu. Kiwavi akiwa tayari kuwa pupa huacha kula, hutoa kinyesi cha majimaji na kuzunguka kikapu kutafuta mahali. Usimrudishe kwenye majani. Atajifunga kwa uzi mmoja kiunoni, kichwa juu, na pupa itakuwa kijani au kahawia kulingana na mahali alipo.

Siku moja kabla ya kutoka pupa inakuwa nyeusi, unaanza kuona rangi za mabawa kwa ndani. Hutoka asubuhi. Anahitaji kitu chenye uso wa kukwaruza cha kuning'inia na nafasi ya angalau sentimita 10 chini yake, maana mabawa yametoka yamekunjamana na anayajaza maji ya mwilini yakining'inia. Akianguka kwenye plastiki laini na kushindwa kupanda, mabawa yanakauka yakiwa yamejikunja na ndiyo basi. Bandika kipande cha gunia ndani ya kikapu. Saa moja au mbili baadaye mfungulie.

Yatakayokwenda vibaya: pupa yenye kitundu kidogo cha mviringo ni nyigu wadogo waliotaga ndani. Funza mweupe akitoka na kuning'inia kwa uzi, ni nzi. Hao hawazuiliki isipokuwa kwa kuchukua viwavi wakiwa bado mayai, pamoja na jani. Kiwavi akining'inia mweusi, laini, anavuja, ni ugonjwa. Mtoe, tupa tawi, osha kikapu kwa klorini, suuza, kausha juani. Ikitokea mara mbili punguza idadi.

Utomvu mweupe: ndiyo, ni sumu, na ukiingia machoni unaumiza vibaya. Danaus chrysippus anahitaji mimea hiyo (Asclepias, Gomphocarpus, Calotropis, na ile inayotambaa kwenye uzio, Pergularia daemia), na sumu hiyo ndiyo inayomfanya ndege amtapike. Kwa nyumba yako ngoja watoto wakue. Lakini madume wa Danaus utawapata kwa njia nyingine: panda marejea, yale yanayolimwa kurutubisha udongo, kisha vunja matawi mawili uyaache yanyauke juani. Watakuja kufyonza utomvu uliokauka kwenye majani na mashina, wanauhitaji kutengeneza harufu ya kuvutia majike. Punje za marejea pia si za kuchezea, kwa hiyo yakate kabla hayajazaa maganda.

---

BaraniPugu

Wenzangu wamemaliza ya kupanda, nitasema ya kuona.

Saa 3 hadi saa 5 asubuhi, siku ya jua, hasa siku moja baada ya mvua. Mchana wa saa 8 wengi wamejificha chini ya majani. Saa 12 jioni hadi giza linaingia ni zamu ya Melanitis leda, kahawia, mkubwa, anaruka kama anayumba karibu na nyasi. Watu wanadhani ni nondo. Kwa mwaka, mwishoni mwa masika (Mei, Juni) na baada ya vuli kuanza ndiyo minono zaidi.

Wasiokunywa maua ni wengi na ndio wazuri zaidi. Charaxes, na kwenye vivuli Euphaedra neophron mwenye mkanda wa dhahabu, huwaoni kwenye penta kamwe. Wape chambo. Ndizi mbivu tatu zilizokwisha kuwa nyeusi, zipondeponde na maganda yake, sukari kijiko kimoja cha chakula, hamira robo kijiko cha chai. Weka kwenye chupa yenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa, si kifuniko, la sivyo itafumka. Siku mbili au tatu kivulini. Ikinuka pombe, tayari. Ikinuka kuoza na kuwa na ukungu, mwaga. Weka vijiko viwili kwenye sahani, uning'inize mita moja na nusu kutoka chini, pembezoni mwa kivuli, kwa waya uliopakwa grisi. Wiki ya kwanza watakuja nzi tu. Usikate tamaa, ongeza chambo kipya juu ya cha zamani kila baada ya siku mbili. Ondoa sahani usiku, italeta panya. Kigamboni, penye mikorosho na vichaka vilivyobaki, nafasi ya Charaxes ni nzuri kuliko katikati ya mji.

Kupiga picha: simu inatosha. Sogea ukiwa chini, polepole, kivuli chako kisimguse. Piga juu ya mabawa na chini ya mabawa, kwa sababu aina nyingi zinafanana upande mmoja. Mfano mzuri ni huyu: Danaus chrysippus na jike wa Hypolimnas misippus, wote machungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe. Tazama bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati. Misippus ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Huyu wa pili hana sumu, anavaa sura ya mwenye sumu. Dume wake ni tofauti kabisa, mweusi mwenye madoa makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau. Picha zipandishe iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, pamoja na jina la mmea aliokuwa juu yake, hiyo ya mmea ndiyo inakosekana kwenye rekodi nyingi.

Ukitaka kujizoeza macho, nenda Bustani ya Mimea pale mjini au njia za Pugu asubuhi.

Nondo nao wana raha yao. Usiku usio na mwezi, tundika shuka jeupe ukutani, taa mbele yake, saa 2 hadi saa 4 usiku. Kisha zima. Ukiacha taa ya nje ikiwaka hadi asubuhi unawachosha nondo, na mjusi wa ukutani anawamaliza.

---

Dimbwi_Tabata

Kuhusu maji na mbu. Vipepeo hawahitaji beseni, wanahitaji matope. Chukua sahani ya udongo ya chini ya chungu, upana sentimita 30, ijaze mchanga hadi ukingoni, changanya konzi moja ya samadi iliyooza, mwagia hadi mchanga ulowe bila maji kusimama juu. Wengine huongeza chumvi. Wewe maji yako ya kisima yanatosha. Madume ndio wanaokuja kufyonza chumvi hiyo. Iweke juani, ardhini, mbali na majimoto, mwagia kila asubuhi. Maji yasiposimama, mbu hapati pa kuzalia.

Maji ya ndege ni jambo jingine. Aedes, mbu wa dengi (Dar imepata milipuko 2014 na 2019), hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mwaga kila baada ya siku mbili na usugue kuta kwa brashi. Kina kisizidi sentimita nne, weka jiwe katikati ili chozi asimame na nyuki asizame. Sahani za chini ya vyungu vya maua ndizo hatari kubwa kuliko zote, zijaze mchanga.

Chozi: usitundike chupa za sukari, zinachacha siku ya pili na kuleta sisimizi. Panda mshubiri, haibiskasi ya petali moja, Russelia ya maua mekundu inayomwagika ukutani, na mgomba mmoja. Kwenye ua la mgomba hawakosekani. Usifagie utando wa buibui chini ya paa. Wanautumia kushona kiota kinachoning'inia, na buibui wenyewe ni chakula cha makinda. Adui mkubwa ni kunguru, anabeba mayai na makinda. Mabaki ya chakula yafunikwe, kwa sababu ndiyo yanayomzoesha uwanja wako.

Kinyonga tayari unaye, nina hakika, ila mchana humwoni. Toka na tochi saa 3 usiku, mulika ncha za matawi ya mlimau na bogenvilia: analala hapo na mwanga unamfanya aonekane mweupe. Hana sumu, haumi mtu asiyemshika. Atakula viwavi na vipepeo kadhaa, ndiyo bei ya kuwa naye. Anataga ardhini, kwa hiyo sehemu moja ya udongo laini iache bila saruji na bila kulimwa.

Na wakipita wa kupuliza moshi wa mbu mtaani, funika ile miche ya ndimu kwa shuka na uingize kikapu ndani. Siku inayofuata mwagia majani maji safi kabla ya kuwarudisha.